Namungo ya Ruangwa: timu iliyofungwa fainali na bado ikaenda kucheza Afrika

Kila tunapotangaza mechi ya Namungo, simu na ujumbe kutoka Songo Songo, Kivinje na Somanga huja na swali lilelile kwa maneno tofauti. Ilikuwaje timu ya Ruangwa ikafungwa na Simba kwenye fainali, halafu ikaenda kuiwakilisha Tanzania Afrika, wakati Yanga na Azam wamebaki nyumbani? Wengine wanafikiri ilikuwa bahati. Wengine wanasema ilibebwa kwa sababu ya mkubwa fulani. Wazee wana swali la kwao, na kwa maoni yetu ndilo gumu zaidi: timu hii ni ya nani hasa, na itadumu?

Tumeamua kuyaandika yote mahali pamoja, ili aliyekosa kipindi kwa kuwa yuko baharini asome akirudi pwani kwenye mtandao.

Tuanze na jina. Namungo ni eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Ruangwa. Sisi wa pwani tunaijua Ruangwa kwa ufuta na korosho, na siku hizi kwa madini ya kinywe, lakini wengi wetu hatujawahi kufika. Ukitoka Songo Songo unavuka kwa boti hadi bara, unashika barabara kuu kupita Nangurukuru kwenda Lindi, kisha unaiacha bahari nyuma na kupanda hadi Nanganga, ndipo unakata kwenda Ruangwa. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Umbali huo uwekeni akilini, maana sehemu kubwa ya historia ya soka la Kusini ni historia ya barabara.

Kijana anayezaliwa leo hawezi kuelewa. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, timu iliyotoka Lindi au Mtwara kwenda kucheza Dar es Salaam ilisubiri kivuko kama abiria wengine, pamoja na malori ya korosho na mabasi yaliyokwama. Mvua zikizidi, safari ilikwisha hapohapo. Hata daraja lilipokuwepo, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kusumbua kwa miaka mingi kabla lami haijakamilika. Na msidhani hayo yamekwisha kabisa. Mwezi Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara hiyohiyo upande wa Somanga, na Lindi na Mtwara zikawa kama visiwa. Watu wa Songo Songo walikuwa na haki ya kucheka kidogo siku hizo.

Sasa fikirieni timu ya daraja la chini isiyo na mdhamini, inayotakiwa kwenda kucheza Dodoma Jumamosi na kurudi kucheza nyumbani katikati ya wiki. Basi la kukodi, mafuta, chakula, mahali pa kulala. Timu ya Dar es Salaam inacheza mechi nyingi za ugenini kwa kuvuka mji. Timu ya Kusini inalipa nauli ya nchi nzima. Tukisikia mtu anasema Kusini hakuna vipaji, huwa tunamwomba kwanza apige hesabu ya dizeli.

Ndiyo maana orodha ya mabingwa wa Bara haina jina la Lindi wala Mtwara. Simba na Yanga wamegawana mataji mengi tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965. Mara chache timu za mikoa zimepenya: Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar ya Morogoro mwaka 1999 na 2000. Sisi tulikuwa na Kariakoo ya Lindi, ambayo wazee wa mjini wanaizungumzia mpaka leo, lakini ubingwa haukuja huku.

Halafu ikaja Ndanda. Hii ni ya Mtwara, jina limetoka Ndanda ya Masasi kwenye misheni na hospitali, na uwanja wake ulikuwa Nangwanda Sijaona. Ilipanda Ligi Kuu na kuanza kucheza msimu wa 2014/15. Kwa miaka kadhaa ndiyo ilikuwa macho ya Kusini. Mtu wa Kilwa aliyekuwa shabiki wa Yanga au Simba alikuwa na timu ya pili moyoni, na timu hiyo ilikuwa Ndanda. Tutairudia, maana mwisho wake unahusu sana jambo tunalolieleza.

Namungo walipanda jinsi timu zote zinavyopanda, na hapa tueleze ngazi zenyewe kwa sababu wengi hutuuliza. Chini kabisa kuna ligi ya wilaya, inayosimamiwa na chama cha soka cha wilaya. Bingwa anakwenda ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa anakwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine. Wanaofuzu hapo wanaingia daraja ambalo zamani tuliliita la pili na sasa linaitwa First League. Juu yake ni daraja la kwanza, ambalo tangu msimu wa 2021/22 linaitwa Championship. Juu ya hilo ndiyo Ligi Kuu. Mashindano ya ndondo, hata yawe na ng'ombe wa zawadi na watu elfu, hayamo kwenye ngazi hizi. Timu inaweza kutwaa ndondo miaka kumi mfululizo na isipande hata hatua moja. Wengi wetu vijijini tunakwama hapo bila kujua.

Namungo walimaliza ngazi zote hizo, na mwaka 2019 wakapanda Ligi Kuu pamoja na Polisi Tanzania. Walikuwa na msaada ambao timu nyingi hazina, na si siri. Mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010 alikuwa Kassim Majaliwa, ambaye Novemba 2015 aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Uwanja wa timu pale Ruangwa unaitwa Majaliwa. Wilaya ya pembeni ilipata uwanja wa kuchezea Ligi Kuu, na watu waliozoea kuisikia Simba redioni wakaanza kuiona kwa macho yao, mjini kwao. Wapinzani walisema maneno yao. Sisi tunaona hivi: mlezi mkubwa anaweza kufungua mlango, lakini hapigi penalti. Mabao yalifungwa na wachezaji.

Na yalifungwa mengi. Msimu wa kwanza, 2019/20, ligi ilikuwa na timu 20. Kocha alikuwa Hitimana Thierry, na mbele kulikuwa na Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise. Watu wakaanza kuwaita Wauaji wa Kusini. Machi 2020 ligi ikasimama kwa sababu ya korona, ikarudi Juni. Ilipokwisha, Simba walikuwa bingwa kwa pointi 88, Yanga wa pili kwa 72, Azam wa tatu kwa 70, na wa nne Namungo kwa pointi 64. Timu iliyopanda mwaka uleule! Simba hata kombe lao la ubingwa walikabidhiwa Ruangwa, Julai 2020, baada ya sare ya bila kufungana na Namungo. Mabingwa wa nchi walisafiri hadi Ruangwa kufuata kombe, na wenyeji hawakuwapa hata bao moja la kusherehekea nalo.

Msimu huohuo ndio uliokuwa mchungu kwa majirani zetu. Ndanda walishuka daraja. Kusini ilipata timu moja juu na kupoteza nyingine kwa mwaka mmoja. Miaka sita tu ya Ligi Kuu, kisha kwaheri. Miongoni mwa walioshuka naye ni Singida United, na hiyo tunaomba muikumbuke pia.

Sasa tufike kwenye swali lenu. Mbali na ligi kuna Kombe la Shirikisho, ambalo wakati huo lilikuwa na jina la Azam na wengi wanaliita FA. Ni mashindano ya mtoano: ukifungwa unarudi nyumbani. Namungo walipita hatua moja baada ya nyingine, na kwenye nusu fainali wakaitoa Sahare All Stars ya Tanga. Upande wa pili Simba waliifunga Yanga 4-1. Fainali ikachezwa Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020. Luis Miquissone akafunga, John Bocco akafunga, Edward Manyama akairudishia Namungo moja. Simba 2, Namungo 1. Kombe likaenda Msimbazi.

Mwaka ule Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu za mashindano ya klabu Afrika. Moja ni ya bingwa wa ligi, anayekwenda Ligi ya Mabingwa. Nyingine ni ya bingwa wa kombe, anayekwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Simba walikuwa wameshachukua ligi, kwa hiyo nafasi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa yao. Walipochukua na kombe, hawawezi kwenda mashindano mawili kwa wakati mmoja. Nafasi ya pili ikateremka kwa aliyefika nao fainali. Yanga walikuwa juu ya Namungo kwenye ligi, Azam vilevile, lakini nafasi hii haikuwa ya ligi, ilikuwa ya kombe, na wote wawili walikuwa wametolewa. Kwa hiyo Namungo hawakubebwa. Hata kabla ya mpira kuanza Sumbawanga, ilijulikana kwamba wanakwenda Afrika, washinde au wafungwe. Idadi ya nafasi za nchi hubadilika kulingana na jinsi klabu zake zinavyofanya Afrika, ndiyo maana miaka mingine mmeona timu nne zikienda.

Waliokwenda hawakuaibisha mtu. Waliitoa Al Rabita ya Sudan Kusini. Wakakutana na Al Hilal Obeid ya Sudan: nyumbani wakashinda 2-0, ugenini sare ya 3-3. Neno nyumbani hapa lina walakini. Nyumbani kwa Namungo katika Afrika ilikuwa Chamazi, Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Azam, kwa sababu mechi za kimataifa zinataka uwanja uliopitishwa na CAF. Mkulima wa ufuta aliyeijua timu tangu ikiwa ya machimbo alibaki kuisikiliza redioni kama alivyokuwa akiisikiliza Simba. Dakika tisini alizozipata Ruangwa dhidi ya bingwa wa nchi hakuzipata dhidi ya Wasudani.

Kilichofuata kilikuwa kama hadithi. Februari 2021 walitakiwa kucheza na Primeiro de Agosto ya Angola ili kuingia makundi. Timu ikaruka hadi Luanda. Walipofika, mamlaka za Angola zikasema wanne kati yao wamekutwa na korona, na msafara wote ukawekwa karantini. Mechi haikuchezwa. Kwa siku kadhaa hatukujua hata kama timu ingeondolewa mashindanoni. Hatimaye wengine waliruhusiwa kurudi, wale wanne wakabaki nyuma, na CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam.

Tarehe 21 Februari Namungo wakawafunga Waangola 6-2. Siku nne baadaye wakafungwa 3-1. Jumla 7-5, Namungo wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Katika kikosi kile benchi lilikuwa la Hemed Suleiman, yule mnayemjua kwa jina la Morocco, ambaye baadaye alikuja kuifundisha Taifa Stars.

Makundi yalikuwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Hapo Namungo walionyeshwa bahari kuu. Mechi ya kwanza kule Casablanca walifungwa 1-0 tu, tukapata matumaini. Lakini walipoteza mechi zote sita na kumaliza mkiani bila pointi. Raja ndio waliochukua kombe lenyewe mwaka ule. Kuna watu wa mjini walicheka. Sisi hatukuona cha kucheka. Timu ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa daraja la kwanza ilikuwa ikicheza na matajiri wa Cairo na Casablanca, haina uwanja wake, na baadhi ya wachezaji wake wametoka karantini.

Baada ya hapo Namungo wakarudi kwenye maisha ya kawaida ya Ligi Kuu. Ligi ilipunguzwa kutoka timu 20 hadi 18, kisha 16 kuanzia msimu wa 2021/22, na kila msimu nafasi ya kupumua ikawa ndogo. Hawajapata tena msimu kama ule wa kwanza, lakini hawajashuka pia: hadi msimu wa 2024/25 walikuwa bado humo. Kuna kipindi walihamia Ilulu, Lindi mjini, na hapo ndipo watu wa Kilwa wengi walipowaona kwa mara ya kwanza, kwa sababu Lindi kwetu ni karibu kuliko Ruangwa. Novemba 2021 Yanga walikuja Ilulu wakatoka sare ya 1-1, Lusajo akifunga. Tuliokuwepo tuliona mashua zimelala ufukweni mchana kweupe na wenyewe wako uwanjani.

Mtu akitaka kujua kwa nini kutoshuka ni habari, amwangalie Singida United. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, na mwaka 2018 ikafika fainali ya kombe hilihili la FA, ikafungwa na Mtibwa. Miaka miwili baadaye ilikuwa ya mwisho kwenye msimamo na kushuka. Kutoka fainali hadi shimoni, miaka miwili. Mbao ya Mwanza nayo ilifika fainali ya mwaka 2017, ikafungwa na Simba, na mwaka 2020 ikashuka. Kwa hiyo fainali haiilindi timu. Watu wa Ruangwa walipokuwa wanashangilia Sumbawanga, hesabu za miaka iliyotangulia zilikuwa zinawatazama.

Timu hizi hufa vipi? Kwa jinsi tulivyofuatilia soka la mikoani, mara nyingi chanzo ni kimoja. Timu ya mkoani huinuliwa na kitu kimoja: mgodi, kiwanda, halmashauri, au mtu mmoja mwenye nguvu. Wakati kitu hicho kipo, mishahara inalipwa, basi lina mafuta. Kikiondoka au kikichoka, hakuna cha pili. Mauzo ya tiketi uwanja wa mkoani ni kidogo isipokuwa siku ya Simba na Yanga. Fedha za televisheni zimesaidia: mwaka 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka kumi wa zaidi ya shilingi bilioni 225, na fedha hizo zinagawiwa kwa klabu. Mwaka huohuo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Lakini fedha hizo ni za walio juu. Ukishuka, zinapungua ghafla, wachezaji wazuri wanaondoka, na basi linabaki na deni lake.

Hapo ndipo lile swali la wazee linapokuja: timu ni ya nani?

Kuna nchi moja ndogo Ulaya ambayo imelijibu swali hilo kwa namna ya ajabu, nasi tuliposoma habari zake tuliona inafaa kuwasimulia. Ni Ayalandi. Watu wa huko wana mpira wao wenyewe, unaochezwa kwa mikono na miguu, wachezaji 15 kila upande, na goli lenye umbo la herufi H. Ukipiga mpira juu ya mwamba kwa kawaida unapata pointi moja, ukiuingiza chini ya mwamba wavuni unapata tatu. Mwaka 1884, wakati nchi yao ikiwa bado chini ya Waingereza, watu wachache walikutana katika mji wa Thurles wakaunda chama cha kulinda michezo ya asili. Leo uwanja mkuu wa chama hicho, Croke Park ulioko Dublin, unaingiza watu zaidi ya 82,000. Na wachezaji wanaoujaza hawalipwi mshahara. Ni walimu, wakulima, askari, mafundi. Kesho yake Jumatatu wako kazini.

Kinachotuvutia ni namna klabu inavyokaa. Kule klabu ni ya kijiji, au tuseme ya parokia. Mtoto anachezea alikozaliwa, na kwa kawaida anabaki hapo hadi anazeeka. Wanachama wanalipa ada kila mwaka, ndogo, lakini wote. Kiwanja ni mali ya wanachama kupitia chama chao, si ya tajiri. Bibi anauza chai siku ya mechi, baba anakata majani, mtoto anacheza. Tajiri akija anaweza kununua jezi, hawezi kuinunua klabu. Ndiyo maana kuna vijiji vyenye watu mia chache ambavyo klabu zao zimepita miaka mia.

Hatusemi tuige. Soka letu ni la kulipwa, na kijana wa Songo Songo mwenye kipaji ana haki ya kuuza jasho lake popote. Tunasema tu kwamba Namungo ilianzia machimboni, na sasa iko ligi ya matajiri. Kati ya sehemu hizo mbili uanachama wa watu wa kawaida umebaki wapi? Mkazi wa Ruangwa anaweza kununua jezi. Mkazi wa Kilwa anaweza kushangilia. Lakini kukiwa na shida ya mshahara, hakuna anayetuuliza sisi, na wala sisi hatujazoea kuchanga. Klabu kongwe za Yanga na Simba zina wanachama wenye kadi, na kelele zao zote za mikutano, ambazo tunazicheka redioni, ndizo zilizozivusha miaka zaidi ya themanini.

Tuje kisiwani. Watu wa Songo Songo wameona gesi ikitoka chini ya miguu yao. Iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam kuwasha umeme. Wamejifunza, kwa njia ya kuchosha, kuuliza mali inayotoka kwao inarudi vipi. Wachezaji ni mali ya namna hiyo pia. Kijana anacheza mchangani hapa tangu ana miaka kumi, maji yakiwa mafu na kazi ya baharini imepungua. Anaonekana kwenye ndondo ya Kilwa Masoko, anachukuliwa, anaondoka. Akifika mbali, kisiwa kinapata nini?

Kwa sheria, kinaweza kupata. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Unaitwa mchango wa mshikamano. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu inapata robo ya asilimia moja; kuanzia miaka 16, nusu asilimia kwa msimu. Tufanye hesabu ya mfano. Kijana amelelewa na klabu ya kisiwani misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15. Robo mara nne ni asilimia moja. Siku moja anauzwa nje kwa shilingi milioni 200. Klabu yake ya utotoni inadai milioni 2. Si utajiri, lakini ni mipira, nyavu za magoli, na nauli za boti za msimu mzima. Akiuzwa kwa bilioni moja, ni milioni 10. Kuna na fidia nyingine ya malezi, inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohama nchi kabla ya kumaliza miaka 23.

Yote hayo yanasimama juu ya karatasi moja: usajili. FIFA haiangalii nani alimnunulia kijana viatu vya kwanza. Inaangalia alisajiliwa klabu gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Timu ya ndondo isiyosajiliwa haimo kwenye hesabu hiyo, na miaka ya mtoto aliyechezea bila kusajiliwa inapotea, au inaandikwa kwa klabu ya mjini iliyomkuta akiwa na miaka 17.

Mambo ya kufanya si makubwa. Klabu iwe na katiba na usajili wake halali, iwe mwanachama wa chama cha soka cha Wilaya ya Kilwa, na icheze ligi ya wilaya hata kama itafungwa. Watoto waandikishwe kupitia chama hicho, kila msimu, kwa umri wao wa kweli. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho aanzie kwa mtendaji wa kijiji, ambaye atamwelekeza namna ya kukipata kutoka RITA. Umri wa kudanganya, ambao tunaujua sana kwenye mashindano ya vijana, hapa unaikata klabu yenyewe, kwa sababu hesabu ya malipo inafuata tarehe ya kuzaliwa.

Na kwa kuwa ofisi ziko Masoko na ninyi mko ng'ambo ya maji, msisubiri wiki ya mwisho ya usajili. Katibu wa timu avuke mapema akaulize fomu na tarehe, azilete kisiwani zijazwe, arudi nazo, na kabla ya kuziacha ofisini azipige picha kwa simu na kutoa nakala mbili. Moja ibaki kwa katibu, nyingine kwa mzazi wa mtoto.